Shajara ya shamba la maharage, Lushoto: nani yumo kwenye mizizi, nani hayumo

Machi, kabla ya mvua

Shamba la majaribio limepatikana. Liko kwenye mteremko wa upande wa Soni, udongo mwekundu, matuta ya ngazi ya zamani yaliyoshikiliwa na majani ya gwatemala. Mwenyewe tunamwita Mama Mkubwa, na masharti yake ni mawili: tusimkatie gwatemala zake, na maharage yapimwe mbele ya macho yake.

Swali la kikundi chetu cha wakulima ni la fedha. Wauza pembejeo wameanza kuleta chanjo ya mbegu, yaani bakteria wa rizobia waliofungwa kwenye pakiti pamoja na unga mweusi wa kuwahifadhi, na watu wanauliza kama inalipa kwenye maharage ya huku kwetu. Ahadi yenyewe inajulikana: asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, mmea hauwezi kuigusa, bakteria hawa wanaweza. Daftari nimekabidhiwa mimi kwa sababu nafundisha biolojia sekondari ya kata na funguo za maabara zinakaa kwangu.

Naandika dhana yangu mapema, isije ikabadilika baada ya kuona majibu. Sidhani kama bakteria ndio wanaokosekana. Maharage yamelimwa Usambara vizazi na vizazi, na rizobia wanaoyazoea wamo ardhini tayari. Ninachoshuku ni fosforasi. Kipimo cha rangi kilituonyesha pH kati ya 5 na 5.5. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu wa namna hiyo, madini ya chuma na alumini huikamata fosforasi na kuing'ang'ania, kiasi kwamba mzizi unaweza kufa njaa ukiwa umezungukwa na chakula.

Mpango: kila tuta lina matibabu yake. Tuta la juu ni Tupu, haliwekwi kitu. Chini yake Chanjo, kisha Minjingu, yaani mbolea ya mwamba yenye fosforasi, kisha Chanjo na Minjingu pamoja, na la mwisho Minjingu na majani ya tughutu. Pembeni tunaongeza mistari miwili ya soya, mmoja umechanjwa na mwingine haukuchanjwa, kwa sababu soya haijawahi kulimwa hapa na nataka kuona tofauti.

Kuna jambo lingine ambalo halikupangwa na mtu. Vuli iliyopita nusu ya kushoto ya matuta yote ilikuwa na kabichi, na nusu ya kulia mahindi. Bibi shamba wa kata alitaka tutafute shamba lenye historia moja. Nimeomba libaki hilihili. Sababu itaonekana mbele.

Machi, mvua imeanza

Tumepanda. Matuta yasiyochanjwa yametangulia, yaliyochanjwa yamefuata, ili mikono yenye bakteria isipite kwenye mbegu za Tupu. Gramu 10 za chanjo kwa kilo moja ya mbegu, maji ya sukari kidogo ili unga ushike, kazi yote chini ya mti. Jua huwaua bakteria hawa upesi. Mbegu zenye dawa ya kuvu nazo hazifai, na bibi shamba alirudia mara kadhaa kwamba mbegu iliyochanjwa isigusane na mbolea ya chumvichumvi ndani ya shimo.

Minjingu ilileta mazungumzo marefu kuliko chanjo. Ni mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara, karibu na Ziwa Manyara, na asili yake ni kinyesi cha ndege wanaokula samaki waliokaa kwenye ziwa la kale. Mzee mmoja wa kikundi alipolisikia hilo akauliza kama ndege hao walikuwa na leseni ya kuuza mbolea. Ubaya wa mwamba huu ni kwamba huyeyuka polepole. Uzuri wake kwetu ni kwamba uchachu ndio unaouyeyusha, na uchachu tunao wa kutosha. Zaidi ya hapo unaleta kalisi, ambayo udongo wetu unaihitaji.

Tughutu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ni kichaka cha mipakani, Wasambaa wanakijua tangu zamani, majani yake huoza haraka. Watafiti waliowahi kufanya kazi na wakulima wa Kwalei, hapahapa Lushoto, waliyachanganya majani hayo na Minjingu na wakaona faida. Tumekata matawi laini tu, tumekatakata, tumefukia.

Mwisho nimezika vipande vya kanga kuukuu katika kila tuta, kina cha kiganja. Ni kanga ya pamba tupu. Ilibidi nitafute, maana siku hizi nyingi zina nyuzi za plastiki, na hizo hakuna kijidudu cha kuzila. Pamba ni selulosi, kwa hiyo jinsi kitambaa kitakavyoliwa ndivyo tutakavyojua vijidudu wanafanya kazi kiasi gani.

Aprili, katikati

Mimea ina majani ya kutosha, tumeng'oa michache kwa jembe uma na kuiosha kwenye beseni. Vinundu, vile vivimbe vya mzizini wanamoishi rizobia, vimeanza kwenye kila tuta, hata Tupu. Vidogo, vyeupe, vingine huwezi kuviona bila kuinamisha mzizi kwenye mwanga.

Mzee yule yule wa leseni: “Mwalimu, hizi si zile nundu za ugonjwa? Sisi tukiziona kwenye nyanya tunang'oa shina zima.”

Swali zuri, na jibu lake ni la kidole. Kinundu cha rizobia kimeshikamana na mzizi kwa ubavu. Ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Nundu za nematodi, minyoo midogo ya udongoni, zile za kwenye nyanya, ni mzizi wenyewe uliovimba. Huwezi kuitoa bila kuukata mzizi. Tumejaribu wote, kila mtu na mche wake, na tumekuta vinundu halali.

Niliwaeleza kilichotokea hadi kinundu kikaonekana. Mzizi wa haragwe ndio unaoanza kubisha hodi: unamwaga flavonoidi kwenye udongo unaouzunguka. Rizobia wa aina inayoafikiana na mmea huo hutambua kemikali hizo, nao wanajibu kwa molekuli yao wenyewe iliyotengenezwa kwa sukari na mafuta. Molekuli hiyo ikifika kwenye unywele wa mzizi, unywele unajikunja na kuwafunika bakteria. Kutoka hapo mmea unawajengea mrija unaopita ndani ya seli hadi kwenye gamba la mzizi, na seli za huko zinaanza kugawanyika. Hicho ndicho kinundu. Kila hatua inahitaji pande zote mbili ziafikiane, na ndiyo maana chanjo ya soya haifai kwa maharage, wala ya maharage kwa soya. Muuzaji akikuambia pakiti moja inatosha jamii yote ya kunde, rudi nyumbani na fedha zako.

Huku juu, kwenye kona ambako mabua ya mahindi yalifukiwa mabichimabichi kabla ya kupanda, mahindi machanga yamekuwa ya njano. Mama Mkubwa anataka kuweka yurea. Nimemwomba asubiri kidogo. Bakteria mwili wake una kaboni takriban mara 5 ya naitrojeni. Mabua yana kaboni kama mara 60. Vijidudu wanaoyala mabua wana kaboni tele lakini naitrojeni haiwatoshi, kwa hiyo wanainyonya ile iliyomo kwenye udongo, na katika mashindano hayo mzizi hushindwa. Kwa kawaida mabaki yenye kaboni iliyo chini ya mara 25 hivi ya naitrojeni huachia naitrojeni; yaliyozidi hapo huikamata kwanza. Tughutu iko upande wa kwanza. Mabua yako mbali sana upande wa pili.

Mwisho wa Aprili

Mahindi ya kwenye mabua yameanza kurudi kijani yenyewe. Mama Mkubwa ameridhika, ingawa amesema kuwa mwakani mabua atayapeleka kwenye zizi kwanza.

Ni mahali pazuri pa kuandika kuhusu walaji wa bakteria, maana wengi tunadhani kuoza ndiyo mwisho wa habari. Bakteria walioikamata naitrojeni wanaliwa na amiba na nematodi wasio na madhara kwa mimea. Hao walaji miili yao haina haja ya naitrojeni nyingi kiasi hicho kulinganisha na kaboni, na sehemu kubwa ya kaboni waliyokula wanaichoma kwa kupumua, hivyo naitrojeni ya ziada wanaitoa nje ikiwa amonia. Yote hayo hutokea zaidi pembezoni mwa mzizi, kwa sababu mzizi unamwaga sukari na asidi zinazowanenepesha bakteria, na bakteria wakinenepa wanawavuta walaji. Mmea unalipa sukari mwanzoni na kupokea naitrojeni mwishoni. Udongo usio na walaji hao unaweza kuwa na bakteria wengi na mimea yenye njaa.

Mei, maua yametoka

Ndicho kipindi cha kuangalia vinundu, kwa kuwa wakati wa maua ndipo vinafanya kazi kwa nguvu zote. Kikundi chote kilikuja. Wembe, sahani nyeupe, mizizi iliyooshwa kutoka kila tuta.

Tupu: vinundu vingi, vidogo, vimetawanyika hadi kwenye mizizi ya pembeni. Ukivikata, vingi ni vyeupe ndani, vichache vina wekundu hafifu.

Chanjo: nilichanganya sahani hizi mbili makusudi nikamwambia bibi shamba azitenganishe. Hakuweza, na mimi pia nisingeweza.

Minjingu: vinundu vikubwa, vingi karibu na shingo ya mzizi, ndani vyekundu kabisa. Chanjo na Minjingu: hivyohivyo. Minjingu na tughutu: vikubwa kuliko vyote, na majani ya tuta hilo yana kijani ambacho hata mpita njia anakiuliza.

Wekundu huo ni legihemoglobini, jamaa wa karibu wa hemoglobini ya damu yetu. Kazi yake ni kusawazisha jambo gumu. Kimeng'enya kinachovunja naitrojeni ya hewani huharibiwa na oksijeni, lakini bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni wapate nguvu za kufanya kazi. Legihemoglobini inaibeba oksijeni kwa vipimo vidogo, inawafikishia bakteria bila kuiacha ielee huru. Kinundu cheupe hakina protini hiyo, kwa hiyo hakuna kazi inayofanyika humo. Cha kijani kimeshazeeka.

Kwa nini fosforasi ilete wekundu? Kwa sababu kazi yenyewe ni ghali. Kila molekuli moja ya naitrojeni inayovunjwa inagharimu takriban molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nguvu ndani ya seli, na ATP haitengenezwi bila fosforasi. Viwanda vya mbolea vinafanya kazi hiyohiyo kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na shinikizo kubwa mno. Haragwe linafanya kwa baridi ya Lushoto, lakini linalipa kwa sukari na fosforasi, na likiwa na njaa ya fosforasi linajenga vinundu vya jina tu. Rizobia walikuwepo tangu mwanzo, ila hawakuwa na cha kufanyia kazi.

Soya ilitoa jibu la upande mwingine. Mstari usiochanjwa: mizizi mitupu, hakuna kinundu, majani yamepauka. Mstari uliochanjwa: vinundu vikubwa, vyekundu, vimejikusanya pale pale mbegu ilipoota. Soya asili yake ni Asia, na bakteria wake wa aina ya bradirizobia hawakuja wenyewe. Wazalishaji wa mbegu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo kule Nigeria, waliona tatizo hilo mapema, wakazalisha aina za soya ziitwazo TGx zinazokubali bakteria wa Kiafrika wanaoishi na kunde. Yetu si mojawapo ya hizo.

Kuna jambo la soya ninalolipenda sana. Mmea hauwaamini bakteria kwa maneno. Imeonekana kwamba kinundu kisichotoa naitrojeni hubanwa oksijeni na mmea wenyewe, na bakteria wa humo huzaliana kidogo kuliko wale wanaofanya kazi. Mama Mkubwa aliposikia akasema angependa utaratibu huo uletwe kwenye vikundi vya kukopeshana.

Juni, maabara ya shule

Sasa ile habari ya kabichi. Kwa jicho la kawaida, maharage ya nusu ya kushoto, palipokuwa na kabichi, ni mafupi kwenye matuta karibu yote. Tofauti ni ndogo kwenye tuta la tughutu na kubwa zaidi kwenye Tupu.

Nilikusanya mizizi myembamba kutoka nusu zote mbili. Njia ya kuitia rangi haihitaji maabara ya chuo kikuu: mizizi inapashwa moto kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi iwe angavu, inaoshwa, kisha inachemshwa dakika chache kwenye siki nyeupe iliyotiwa wino mweusi wa kalamu, asilimia 5. Mzizi unabaki mweupe, kuvu anashika wino. Wanafunzi wa kidato cha nne walivaa miwani ya kukinga macho na kazi ya potasiamu nikaifanya mwenyewe.

Chini ya darubini mizizi ya upande wa mahindi ilijaa nyuzi nyeusi zinazopita kati ya seli, na ndani ya seli zenyewe vichaka vidogo vilivyotawika. Hii ni maikoriza, kuvu anayeishi na mimea mingi ya nchi kavu kuliko rizobia. Mabaki yake yamekutwa kwenye mawe ya Rhynie huko Uskoti yenye umri wa miaka milioni 400 hivi. Vile vichaka ndipo biashara inapofanyika: fosforasi inaingia, sukari na mafuta vinatoka. Inakadiriwa kuwa mmea unampa kuvu kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni yote uliyoitengeneza kwa jua. Malipo hayo yanaeleweka ukijua kwamba fosforasi haisafiri kwenye udongo. Mzizi unamaliza iliyo ndani ya milimita chache kuuzunguka, halafu basi. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko unywele wa mzizi, zinapita kwenye matundu ambayo mzizi haupiti, na zinafika sentimita kadhaa mbele.

Mizizi ya upande wa kabichi: nyuzi zipo, lakini chache, na kuna vipande virefu visivyo na kitu. Jamii ya kabichi ni miongoni mwa mimea michache isiyofanya urafiki na maikoriza kabisa. Msimu mzima kuvu hakupata wa kumlisha, na kuvu huyu hawezi kuishi kwa kuozesha mabaki. Anategemea mzizi hai. Sisi huku tunalima kabichi msimu baada ya msimu kwa ajili ya soko, kisha tunashangaa maharage yanayofuata yanataka mbolea nyingi. Nadhani hili ni kubwa kuliko suala la chanjo lililotuleta shambani. Kwenye mkutano wa kikundi lilizungumzwa muda mfupi tu, kwa sababu kabichi inalipa ada za shule na hakuna anayetaka kusikia inasemwa vibaya.

Kanga zimefukuliwa pia. Kwenye tughutu kimebaki pindo na vijitundu vilivyoungana. Kwenye Tupu ungeweza kushona kiraka nacho.

Julai, mavuno

Mzani wa dukani, magunia yaleyale, Mama Mkubwa amesimama. Minjingu na tughutu limeongoza. Minjingu, na Chanjo na Minjingu, yamefuatana karibu mno. Sitasema lipi limeshinda. Chanjo na Tupu yako chini, yamefuatana vilevile. Kwenye kila tuta nusu ya mahindi imetoa zaidi ya nusu ya kabichi. Hili ni shamba moja, msimu mmoja, na mvua ilikuwa nzuri.

Soya iliyochanjwa imevunwa mwishoni. Isiyochanjwa hatukuipima, tumewapa mbuzi.

Ubishi wa siku ulikuwa juu ya masalia. Desturi ni kung'oa mche mzima, kuubeba hadi uani, kupura, na makapi kuchomwa au kupewa ng'ombe wa jirani. Bibi shamba akarudia lile tunalofundishwa wote, kwamba maharage yanaacha mbolea shambani. Nilimpinga, kwa heshima. Maharage ya kawaida si hodari wa kukamata naitrojeni ukiyalinganisha na soya au mbaazi, na sehemu kubwa ya naitrojeni waliyokamata iko kwenye punje. Ukiuza punje, ukang'oa mzizi, ukachoma makapi, shamba linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko lilivyoanza. Tumekubaliana kukata shina kwa mundu na kuuacha mzizi ardhini, na makapi yarudi. Mama Mkubwa amekubali mzizi. Makapi anasema yana ng'ombe wao.

Agosti, mpango wa vuli

Kikundi hakitanunua chanjo ya maharage kwa pamoja. Anayetaka anunue mwenyewe. Fedha za pembejeo zinakwenda kwenye Minjingu, na kila mwanachama anapanda tughutu mpakani mwake kabla ya mvua.

Nusu ya kushoto ya shamba itapandwa mahindi na mbaazi ili kuvu wapate mwenyeji. Nitapima tena mizizi baada ya msimu huo kwa wino na siki ileile. Jirani mmoja anayelima kabichi peke yake ameniruhusu nichukue sampuli kwake pia, kwa sharti kwamba jina la shamba lake lisitajwe kwenye mkutano.

Pakiti moja ya chanjo ya soya imebaki kwenye jokofu la maabara. Tarehe yake inaishia Novemba, kwa hiyo soya itangulie mara mvua zikianza.